Fundi Kaigawa Diski Yangu

Hakuna fundi wa kompyuta kati ya Tandika na Mbagala Rangi Tatu anayeweza kuiona diski nzima akaiacha nzima. Mikono inamwasha. Umempelekea laptopu akuwekee programu za ofisi tu, ukirudi unakuta ameshapiga Windows upya, na diski iliyokuwa moja zimekuwa mbili, C na D. Ukimuuliza anakutazama kwa huruma. "Mzee, hapo nimekusaidia. Windows ikifa, vitu vyako vyote viko salama huko D."

Windows ikifa! Mashine bado ina plastiki kwenye kioo, mwenzangu ameshaichimbia kaburi.

Laptopu yenyewe ni mpya kwa maana ya Kariakoo, yaani mpya kwangu. Aliyekuwa nayo kabla sijui ni nani, ila alipenda sana kubonyeza herufi E, maana imefutika. Muuzaji aliipangusa, akaibandika plastiki, akaandika juu yake kwa maka peni: SSD 256. Nimefika nyumbani, nimeiwasha, inasoma 238.

Nikaanza kuandaa maneno ya kwenda kumwambia. Nasikitika kutangaza kwamba hana hatia. Kiwandani, GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows yenyewe inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024, inapata baiti 1,073,741,824, halafu inaandika GB vilevile, haina hata haya. Ni mambo ya sado pale sokoni Tandika: wewe na mama muuza maharage wote mnasema sado, ila ya kwake imebonyezwa kitako. Tofauti ni kwamba ya sado unaweza kuipeleka Wakala wa Vipimo.

Wakubwa wa vipimo vya umeme duniani, IEC, walijaribu kusuluhisha mwaka 1998. Wakasema ile ya 1,024 tuiite gibibaiti ili watu wasichanganyikiwe. Nenda Mtaa wa Aggrey kamwambie muuzaji unataka laptopu ya gibibaiti mia mbili, uone kama hutaambiwa hizo zimeisha jana. Wamarekani, ambao hawana mchezo na chenji yao, walikwenda mahakamani. Mwaka 2007 kampuni ya Seagate ikakubali kuyamaliza bila kukiri kosa, na wateja wakaahidiwa asilimia 5 ya bei au programu ya bure. Sisi huku tumeahidiwa plastiki ya kioo.

Ndani ya hizo 238 kuna vipande vingine vidogo ambavyo hata herufi havina. Kimoja cha MB 100 hivi ni cha kuwashia mashine, kingine ni cha kuitibu Windows ikiugua. Sina ugomvi navyo, vinakula kidogo na vinafanya kazi. Ugomvi wangu ni D.

Fundi aliipa C GB 80, akaona ameipendelea. Zilizobaki zote, zaidi ya 150, akaipa D. Nimtetee kidogo, maana ujuzi huu hakuuokota jalalani. Amerithi kwa mafundi wa enzi za Windows XP, na enzi hizo walikuwa sahihi. Ulikuwa unapeleka flashi steshenari kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Dada wa pale anaichomeka kwenye mashine ambayo mtaa mzima umechomeka flashi zake, ukirudi nyumbani unakuta kila folda imegeuka shotikati yenye mshale mdogo pembeni. Bofya, hakuna kitu. Wiki ijayo mashine haiwaki. Fundi anafuta C, anapiga Windows, na picha za harusi zinabaki D zikicheka. Hapo D ilikuwa na heshima yake.

Lakini siku hizi Windows ina kitufe chake cha kujianzisha upya bila kugusa mafaili yako. Na patisheni, jamani, ni mstari tu wa kwenye hesabu. Diski ni kipande kimoja cha kielektroniki kisichozidi kidole. Siku kikiungua kwa sababu umeme wa Mbagala umerudi kwa hasira, hakitauliza hapa ni C au D. Vinaondoka pamoja. Picha za harusi zinataka diski nyingine kabisa, kabatini, mbali na mapacha hawa. Hilo fundi hakunisaidia.

Na C ndiyo inayokula peke yake. Ukishusha kitu kinakwenda Downloads, ambayo iko C. Ukihifadhi faili kwenye Desktop, kama afanyavyo kila Mtanzania mwenye akili timamu, Desktop nayo iko C. Viraka vya Windows, C. Faili la kulalia, lile linalosaidia laptopu kuzinduka ikakumbuka ilipoishia, nalo ni C, na kwa kawaida lina ukubwa wa asilimia 40 ya RAM. Kukija toleo jipya, lile la zamani linawekwa pembeni kwa siku kadhaa, kama utalijutia. Pembeni wapi? C.

Basi mstari wa buluu chini ya C ukarefuka, ukafika ukingoni, siku moja ukageuka mwekundu. Mama watoto akachungulia. "Baba, si ulisema umenunua kubwa?"

Dawa ndogo ipo, na ni bure. Unaingia kwenye sifa za folda ya Downloads, unaiambia kuanzia leo makazi yako ni D, unafanya hivyo hivyo kwa Desktop. Fundi mwenye nia njema angeanzia hapo siku ileile anachora mpaka.

Mimi nilitaka dawa kubwa. D nono, C inahema, si nikate D niongezee C? Windows inakuruhusu kupunguza D vizuri tu, tatizo ni kwamba nafasi inayopatikana inatokea nyuma ya D, upande wa mbali. C ili irefuke inataka nafasi iliyo ubavuni mwake mara tu baada ya yenyewe, na ubavuni amekaa D. Kwa hiyo unaona GB 70 hazina mwenyewe, unaona C inakufa kwa njaa, na kile kitufe cha kurefusha kimepauka, hakibonyezeki. Njia ya Windows yenyewe ni moja: futa D yote. Kuna programu za watu za kumsogeza D akiwa hai, lakini fundi alipoitaja mojawapo aliongeza "Mungu akijalia", na mimi nikaishia hapo.

"Mzee, tufute D tu, dakika mbili," akasema.

Dakika mbili zake. D si tupu. Mpwa wangu wa chuo, anayekuja wikiendi kufua nguo na kula, aliigundua kabla yangu. Huichukua laptopu mpaka kibanda cha muvi, hurudi nayo imejaa tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa. Nilipomwambia D inafutwa alisimama kabisa.

"Mjomba, basi niruhusu nihamishie kwenye flashi."

Akaleta flashi ya GB 32, nayo ikasoma 29. Nikamweleza habari za 1,024 kwa kirefu. Hakupata nafuu yoyote.

Nikageukia serikali kuu. Mama watoto, ambaye ndiye aliyelalamika mashine imejaa, akaniambia kwa upole kwamba D isiguswe mpaka ajulikane yule binti anaolewa na nani. Kumbe usiku nikilala ndipo laptopu inapofanya kazi. Nimeuliza tamthilia imefikia wapi. Wako kipindi cha 14, na mpwa anasema vyote viko zaidi ya mia.