Bastola Tupu Ndiyo Inayoua

Mwaka 1966 ilitoka filamu ya kauboi iliyojibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza: jambazi Billy the Kid akikutana na Dracula, nani atamtoa mwenzake jasho? Jina lake ni Billy the Kid Versus Dracula. Mwongozaji, William Beaudine, alibandikwa lakabu ya "One Shot" kwa kutopenda kurudia kupiga tukio. Ukiitazama filamu utaamini.

Dracula ni John Carradine, mzee wetu wa filamu za Stagecoach na The Grapes of Wrath. Hapa kazi yake kubwa ni kukodoa macho huku taa nyekundu ikimmulika usoni, kana kwamba anatafuta aliyemkopa hela. Akichoka kutembea hugeuka popo wa kuning'inizwa. Mnyonya damu huyu hatishwi na jua. Mchana kweupe anaranda bila wasiwasi. Pengine taa za usiku zingezidi bajeti.

Billy naye, aliyechezwa na Chuck Courtney, ameokoka: ni msimamizi wa ranchi na ana mchumba. Billy halisi wa historia aliuawa kwa risasi mwaka 1881, hivyo hakupata nafasi ya kulalamika.

Utamu uko mwishoni. Billy anamfyatulia Dracula risasi, wapi! Hazimwingii. Kwa hasira anamrushia bastola yenyewe, na Dracula, aliyeshinda risasi zote, anaanguka chini. Kumbe masherifu wote wa filamu za kauboi walikuwa wanapoteza baruti bure.