Misingi ya Elimuhamasaraka

Mwanafunzi, keti vizuri, shika kalamu. Elimuhamasaraka ni taaluma ichunguzayo namna kiumbe atokavyo saraka moja kwenda nyingine kwa amri za terminali. Wanafalaki huchunguza nyota wasizozifikia. Sisi twachunguza safari zinazofika. Cheo cha sayansi hizi mbili kiko wazi.

Kielelezo chetu ni Lubumbashi. Mji ni saraka. Komini za Katuba, Kenya na Ruashi ni saraka zilizomo ndani yake. Mti wa saraka una mzizi juu na matawi chini. Wataalamu wa mimea wajirekebishe. Wahamaji ni wa aina nne.

1. Mtajanasaba. Yuko Katuba, anataka Kenya, lakini huanzia kwenye mzizi: cd /Kongo/Haut-Katanga/Lubumbashi/Kenya. Ni mgeni abishaye hodi kwa kutaja mababu wote. Hapotei, ila chai hupoa.

2. Mkwezi. Huandika cd .. akafika mjini, kisha cd Kenya. Aliyekomaa huunganisha: cd ../Kenya. Zingatia: nukta mbili ni mzazi, nukta moja ni papo hapo ulipo. Aandikaye cd . amesafiri bila kuondoka. Huyo ni Mkwezituli, na tutamsoma muhula mzima.

3. Mrejeapacha. Silaha yake ni cd - imrudishayo alikotoka. Akiirudia, hurudi tena alikokuwa. Aweza kuishi hivyo mpaka umeme ukatike.

4. Mrundikaji. Huweka saraka kwa pushd, huitoa kwa popd, amri zilizoenea kupitia sheli ya C ya Bill Joy, kule Berkeley. Tazama baiskeli ya makaa ikiingia mjini: gunia lililopakiwa mwisho juu kabisa ndilo hushushwa kwanza. Msukuma baiskeli huyo ni profesa asiyejua cheo chake.

Onyo. Usichanganye kuhama na kubadili jina. Élisabethville, iliyoanzishwa mwaka 1910, iliitwa Lubumbashi mwaka 1966 bila kusogea hata hatua moja. Hiyo ni mv, si cd. Atakayekosa hapa arudie mwaka.

Kuhusu kitufe cha Tab, kimalizacho jina uliloanza kuliandika, nitatoa juzuu la pili.

Hitimisho. Ukipotea, usilie. Andika cd peke yake, bonyeza Enter. Utafika nyumbani, tena bila nauli.