Fermi Alikwenda Kula Kwanza

Mtu akikwambia anasomea uhandisi wa nyuklia Marekani, mwonee huruma, lakini si kwa sababu ya mionzi. Mionzi ina vipimo, ina kinga, ina sheria. Mwonee huruma kwa sababu siku moja profesa atamwita ofisini, atamkaribisha kiti, kisha atamweleza kwa sauti ya mzee anayegawa urithi kwamba safari hii mkutano wa wanafunzi unafanyika chuoni kwao, na waandaaji ni wanafunzi wenyewe.

Ndiyo desturi ya fani hii. American Nuclear Society, chama cha wataalamu wa nyuklia kilichoanzishwa 1954, kina mkutano wa wanafunzi kila mwaka, na mzigo hubebwa na vijana wa chuo mwenyeji. Huo ni mkutano mkubwa wenye heshima zake. Wetu ulikuwa mdogo wake, wa vyuo vya jirani, uliomuiga kaka yake kwa kila kitu isipokuwa bajeti. Kuomba wafadhili, kupitia mihtasari ya tafiti, kubembeleza majaji, kuchapisha vitambulisho vya shingoni: yote yakaangukia watu ambao nusu yao hawajawahi kupika wali ukaiva. Malipo yake eti ni uzoefu. Mwenye nyumba wangu hapokei uzoefu, nimeshamuuliza.

Kamati zikagawanywa, nami nikapewa chakula. Sikuomba. Mwenyekiti, kijana mpole mwenye miwani, alisema Waafrika tunajua kukarimu wageni. Sifa kama hiyo huikatai bila kuliaibisha bara zima.

Na kweli tunajua. Nimekaa kwenye kamati za harusi Dar es Salaam ambazo mweka hazina wake, mama wa makamo mwenye kauntabuku, alijua nani katoa, nani kaahidi, na nani bado anadaiwa ahadi ya harusi ya mwaka juzi. Kadi ilikuwa ya singo au ya dabo. Ukija na mtu wa tatu, mlangoni utakutana na kijana mwenye mabega. Sahani zilijulikana kabla bwana harusi hajapimwa suti. Sasa niwaulize hawa wenzangu, wanaokokotoa safari ya nyutroni moja hadi itakapofia, watakula watu wangapi. Wakanijibu: mia mbili na kumi, ongeza au punguza tisini. Wakanichorea na grafu.

Tatizo ni wachelewaji. Katika kinu cha nyuklia, urani inapopasuka, nyutroni nyingi huzaliwa papo hapo. Chini ya moja katika kila mia huchelewa, baadhi sekunde chache, baadhi karibu dakika nzima. Hizo chache ndizo zinazotuokoa, maana bila hizo nguvu ya kinu ingepanda haraka kuliko fito za kudhibiti zinavyoweza kuifuata. Kila mwanafunzi wa fani hii anafundishwa hivyo, na naona wengi wameligeuza somo kuwa mwongozo wa maisha. Usajili ulifungwa Ijumaa. Jumatatu barua pepe zikaanza: “Samahani, nimechelewa kidogo, na ninakuja na wenzangu wanne.” Mmoja hali nyama. Mmoja hali nyama, wala yai, wala asali. Mmoja ana mzio wa karanga. Wa nne aliandika kwamba anakula chochote, halafu akaambatisha orodha ya vitu asivyokula.

Hoteli nayo ilikuwa na mkataba wake. Vyumba tulivyoshika visipojaa, tunalipa sisi. Chakula cha kutoka nje ni marufuku kuingia ukumbini. Kahawa inauzwa kwa galoni, lita nne kasoro, na bei ya galoni ilizidi dola 100. Nilisoma ile karatasi mara ya pili kwa sauti, kama inavyosomwa hukumu.

Mimi ni wa Kagera. Nyumbani mgeni anapokelewa na akamwani, kahawa ya kutafuna, kabla hata hajaeleza kilichomleta. Shangazi alipopiga simu kutoka Kamachumu nilikuwa bado nimeishika ile karatasi.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, baba. Masomo yanaendaje?”

“Natafuta kahawa ya watu mia mbili.”

Kimya kidogo. “Kwani hiyo atomu inachemshwa na kahawa?”

Nikamweleza bei. Akaniomba nirudie, nadhani ili majirani wasikie. Akasema ana magunia mawili sebuleni, nimtafutie mtu wa kuyaleta. Nikamwambia hoteli hairuhusu. Hapo ndipo alipoanza kuwa na wasiwasi na elimu ninayoipata.

Nikarudi kikaoni na wazo la piza, maana piza haina fahari wala haina lawama. Mkuu wa mawasiliano akakataa uyoga. Akasema mpiga picha akimnasa mhandisi wa nyuklia na uyoga mbele yake, magazeti yatamaliza yenyewe. Tulilijadili kwa muda ambao ungetosha kusikiliza mada mbili kamili, pamoja na maswali. Uyoga ukashindwa kwa kura. Zeituni zikapita.

Nikaongeza ndizi kwenye mapumziko ya saa nne, kwa kuwa ni rahisi na zina ganda lake. Sitarudia. Mhandisi wa nyuklia hawezi kuona ndizi akanyamaza. Lazima akukumbushe kwamba ina potasiamu, kwamba sehemu ndogo ya potasiamu hiyo ni ya mionzi, kwamba ndizi moja ni kama sehemu ya kumi ya mikrosieverti. Ananiambia mimi, Mhaya, niliyelelewa kwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, mchana na jioni! Kijana mmoja akanikokotolea dozi ya utoto wangu wote nyuma ya ratiba ya mkutano, akanikabidhi kama cheti.

Asubuhi ya ufunguzi walinipeleka meza ya usajili, kwa kuwa mwenye zamu alikuwa bado amelala. Mgeni mmoja akasoma kitambulisho changu, akauliza kwa upole kama kwetu Afrika nyuklia imefika. Nikamwambia urani nyingi ya mradi wa Manhattan ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Nikamwambia kinu cha TRICO kilianza kazi Kinshasa mwaka 1959, kabla Kongo haijapata uhuru. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye urani ya Mto Mkuju, Ruvuma, aliponiuliza choo kiko wapi.

Mada zenyewe zilikuwa nzuri, nasikia. Mimi nilikuwa jikoni. Profesa wetu alipokuja kunilaumu kwamba mapumziko ya mchana yanakula muda wa sayansi, nilimkumbusha Chicago, tarehe 2 Desemba 1942. Mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walikuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa Stagg, wakichomoa fito taratibu kutoka kwenye lile rundo la grafiti na urani. Saa tano na nusu hivi, fito ya usalama ikajiangusha kwa kishindo, kwa kuwa ilitegwa kwenye kiwango cha chini mno. Vita vya dunia vinawaka, kila mtu kashika pumzi, na Fermi akasema waende kula. Wakaenda. Waliporudi wakapata mmenyuko wa kwanza uliojiendesha wenyewe, nusu wati tu, na fani yetu nzima ikazaliwa baada ya chakula cha mchana. Kisha mmoja wao, Eugene Wigner, akatoa chupa ya mvinyo wa Chianti, wakanywa kwa vikombe vya karatasi. Chupa moja kwa watu zaidi ya arobaini! Hata siku ile kamati ya vinywaji haikuulizwa idadi.

Profesa alisema hilo silo fundisho la jaribio lile. Akachukua kipande cha pili cha piza.

Siku ya mwisho ilikuwa ziara ya kuangalia kinu. Basi nilikodi mimi, vyakula nilifunga mimi. Majina ya wageni kutoka nje ya Marekani yalitakiwa mapema ili yakaguliwe, na kamati ya ziara ikapeleka ya wajumbe wote. Wanakamati hawakuhesabiwa kuwa wajumbe. Mlinzi alikuwa mstaarabu sana. Alinisindikiza hadi kwenye basi, nikakaa na dereva na maboksi, tukasikiliza mpira wa vikapu redioni.

Walitoka wakiwa na furaha na njaa, kila mmoja anataka kunieleza ile rangi ya bluu ndani ya maji ilivyo. Nikagawa. Profesa alikuwa amekuja na rafiki yake, ambaye hakusajiliwa popote, na rafiki akapewa boksi langu. Nikabakiwa na la yule asiyekula nyama, yai wala asali, aliyekuwa ameondoka alfajiri bila kuaga. Ndani mlikuwa na majani, biskuti ngumu na ndizi. Kijana wa mahesabu alikuwa kiti cha nyuma yangu, nikamwona anatoa kalamu.