Sifa za Bledi Inayokatika

Katika karakana ya seremala kila chombo kina mtetezi wake. Randa ina wazee wanaoiapia, patasi ina wachongaji wa milango ya Unguja na Lamu, na nyundo haijawahi kuhitaji wakili. Bledi ya msumeno wa nakshi haina mtu. Nazungumzia ile mashine ndogo ya mezani yenye mkono mmoja juu na mwingine chini, na katikati yake kiuzi cha chuma kinachopanda na kushuka kama sindano ya cherehani, mara 400 kwa dakika mashine ikiwa imetulia, mara 1,800 ikiwa imepandisha mori. Kiuzi hicho kina urefu wa inchi tano tu, na bledi zile nyembamba sana zina unene wa kama robo ya milimita. Kazi yake ni kukata mapambo, majina ya kubandika milangoni na wanyama wa mbao wa kuchezea watoto. Kazi yake ya pili ni kukatika. Hukatika ikilegea, hukatika ikikazwa mno, hukatika ukiisukumia mbao kwa pupa, na ukifanya kila kitu sawasawa hukatika kwa uzee. Leo nasimama kuisifu, na naomba nisikatizwe.

Nianze na adabu yake. Vyombo vingine vya karakana vinavumilia ubabe, kisha vinalipiza kisasi kwa mwenye chombo. Kila mtaa una fundi wa msumeno wa mviringo anayehesabu hadi tisa kwa vidole vyake na kuishia hapo. Bledi hii haina roho ya namna hiyo. Ukiisukuma, kwanza inapinda kurudi nyuma, ikikuonya. Ukiendelea, inabadilisha sauti. Ukijifanya husikii, taa! Imekwenda zake, na kipande cha juu kinabaki kikicheza hewani bila muziki. Aliyeizembea atachubuka, atafunga kitambaa, na jioni atahesabu hadi kumi kama kawaida. Niambieni ni msimamizi gani mwingine wa kazi anayekubali kuvunjika yeye ili asimvunje aliye chini yake.

Tena ni mwalimu asiyepayuka. Meno yake yanatakiwa yatazame chini, ila ni madogo kiasi kwamba macho hayatoshi, inabidi uyapapase kwa kidole. Kijana anayejifunza akiifunga juu chini, karakana nzima inajua bila kuangalia: plaiwudi inarukaruka mezani, tatatata, naye ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Fundi, mashine imeharibika!"

"Haijaharibika, kijana wangu. Umeivalisha suruali nyuma mbele."

Kisha wenye viwanda, kwa upendo wao, wakatengeneza bledi ambazo meno machache ya mwisho yametazama juu, ili uso wa chini wa mbao usichanike. Kwa hiyo hata mwenye lenzi anaona meno ya pande zote mbili na anabaki akijiuliza awaamini wepi. Hiyo nayo ni elimu.

Wanaoichukia husema haiendi moja kwa moja. Ni kweli, na mimi naihesabu kuwa ni hekima. Bledi ya kawaida inapotengenezwa, ubavu mmoja hubaki mkali kidogo kuliko mwenzake, basi inavutia upande huo, mara nyingi kulia. Ukiielekeza kwenye mstari wa penseli barabara, itaupa mgongo. Fundi aliyeizoea anaikalisha mbao kimshazari kidogo, na kwa kwenda upande anapata mstari ulionyooka. Mgeni akimtazama anadhani fundi ana tatizo la shingo.

Ukweli ni kwamba chombo hiki kiliumbiwa kona, mstari ulionyooka hakiupendi. John Spilsbury wa London alilielewa hilo katika miaka ya 1760, alipobandika ramani kwenye ubao mwembamba na kuikata kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuipanga upya. Ndiyo mafumbo ya vipande tunayoyajua leo. Waingereza na Wajerumani walipogawana upande wetu mwaka 1886 hawakuwa na bledi mezani, walikuwa na rula. Utazame mpaka wa Kenya na Tanzania: kutoka Ziwa Victoria unashuka umenyooka, unapinda kuuzunguka Kilimanjaro, kisha unanyooka tena kuelekea baharini. Mtu wa msumeno wa nakshi akiuona anatikisa kichwa. Pale Kilimanjaro tu ndipo palipokatwa na mtu mwenye mkono.

Lakini fadhila yake kubwa utaiona kwenye majina ya watu. Chukua kibao cha KARIBU cha kuning'iniza sebuleni. Kwa mteja ni herufi sita. Kwa bledi ni matundu manne: moja la A, moja la R, mawili ya B. Na tundu haliingiliki kutoka ukingoni. Lazima utoboe kwanza kwa keke, ulegeze bledi, uichomoe upande wa juu, uipenyeze tunduni, uifunge, uikaze, uipige kwa ukucha usikie kama inatoa mlio mwembamba na safi, ukate, kisha ulegeze tena uhamie tundu la pili. Ikiponyoka ikaangukia kwenye unga wa mbao sakafuni, seremala mzima mwenye kitambi anapiga magoti chini ya meza na kunyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyonyamaza msikitini au kanisani.

Hapo ndipo bledi inapotufundisha kuwapenda wazazi waliofikiria. Aliyemwita mwanawe LULU hana tundu hata moja. HUSENI vilevile, Mungu amzidishie. ABDALLAH ni matundu sita, na DEBORA naye sita, kwa hiyo hakuna dini inayoweza kudai inaonewa. Mteja hayajui haya. Yeye anauliza bei ya herufi moja ni shilingi ngapi, na fundi, akiwa tayari ameshaona B mbili kwa mbali, anajibu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Historia nayo inaidai shukrani. Katika Ufaransa ya Louis XIV, André-Charles Boulle alikuwa akirundika gamba la kasa juu ya shaba na kuvikata pamoja kwa msumeno mwembamba, kilichotoka huku kikaingia kule, akapata mapambo mawili kwa mkato mmoja. Samani zake ziko kwenye majumba ya makumbusho. Bledi zake hazijulikani zilipotupwa. Marekani, mwaka 1932 na 1933, ajira zilipokauka, watu walioachishwa kazi walikata mafumbo ya vipande wakayauza na hata kuyakodisha. Na hapa kwetu, Unguja, liko jengo la zahanati ya zamani lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kukamilika 1894, roshani zake zimejaa mbao za nakshi kama vile mwenye nyumba aliogopa kuacha sehemu tupu. Watalii hupiga picha, waongozaji hutaja tajiri na mwaka. Bado sijamsikia anayeuliza ni misumeno mingapi iliyovunjikia pale.

Wabahili ndio wanaoikosea zaidi. Wanalalamika kwamba haidumu, ilhali wao wenyewe hawaitumii yote. Mkono wa mashine hupanda na kushuka kama sentimita mbili tu, basi kwenye plaiwudi nyembamba ni meno machache ya katikati yanayosaga siku nzima, huku mengine juu na chini yakitazama tu. Fundi mwenye huruma huweka ubao mezani kuinua kazi, na meno mapya yakaingia zamu. Nyingi zinakatika zikiwa na sehemu kubwa ya meno ambayo hayajawahi kugusa mti. Umeme wa mtaani kwetu nao husaidia kwa njia yake: siku unapokatika wenyewe mchana kutwa, bledi haikatiki.

Msomaji uliyenunua hiyo mashine mwezi huu na tayari umeanza kuitukana, nakuomba uipunguzie mkono na uiongezee subira. Na ukienda dukani, usiombe bledi moja. Huuzwa kwa dazani, na muuzaji anajua kwa nini.