Ombi la Kusafirishwa Kama Mzigo

Kwa Waheshimiwa Wakubwa wa Geti la Abiria,
Bandarini, pande zote mbili za maji.

 Mimi mzima wa afya, wasiwasi ni juu yenu mlio mbali, ingawa umbali wenyewe ni wa kioo kimoja cheusi na kiyoyozi.

Mimi ni mtu wa kuvuka. Wazee wangu wako Unguja, riziki yangu iko Dar es Salaam, na katikati mko nyinyi. Nimevuka wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, nimevuka wakati wa kusi watu wazima wakisoma dua kwa sauti. Kwa hiyo sikuja kuishitaki bahari. Mwezi wa Saba, boti ikishaingia mkondoni na maji yakaanza kusimama, baharia hupita na mifuko, na hapo abiria wa daraja la juu na sisi wa daraja la kawaida tunatapika sawasawa. Katika safari nzima, haki nimeiona hapo tu.

Ninaloliandikia ni geti.

Mnatuambia tufike mapema, nasi tunafika. Geti limefungwa. Boti tunaiona kwa macho yetu, imefungwa kamba gatini, mabaharia wameegemea vyuma wanapiga soga. Hakuna tangazo wala kiti, na kivuli kilichopo kinawatosha walinzi wenu. Tunasimama. Saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi inakaribia, inafika, inapita mbele yetu bila hata kutusalimu. Ndipo anatokea kijana mwenye redio ya mkononi, hatuangalii, anapaza sauti: “Rudini nyuma!”

Nyuma wapi, waheshimiwa? Nyuma yangu kuna mama mwenye mtoto mgongoni na mwengine mkononi. Nyuma yake kuna mzee aliyetoka hospitali, picha zake za eksirei ziko kwenye bahasha kubwa anayoinyanyua juu ya vichwa ili isikunjike. Nyuma ya mzee kuna ukuta. Lakini tunarudi nyuma, kwa sababu tumeshazoea, na hili la kuzoea ndilo linaloniuma kuliko jua.

Kisha mlango unafunguliwa nusu. Kwa nini nusu, anajua aliyeuweka. Watu mia kadhaa wanapenya mmoja mmoja kwa ubavu. Tiketi inakaguliwa nje, inakaguliwa ndani, inakaguliwa tena hatua chache mbele, kana kwamba katikati hapo mtu angeweza kufa na kuzaliwa upya bila nauli. Mzee wa eksirei akisita kidogo kutafuta kitambulisho anaambiwa, “We mzee, usituchelewesheee!” Yeye ndiye anayewachelewesha. Yeye.

Sasa, tukiwa tumesimama hapo, pembeni yetu hupita mizigo. Inapita kwa mlango wake, mpana, uliofunguliwa wote. Viazi, maboksi ya sabuni, friji lililovishwa kadibodi, matenga ya nyanya, vyote vinasukumwa kwa rukwama na mtu anayepiga kelele “Pishaa!”, nasi tunapisha. Nimeutazama msafara huo kwa muda mrefu, nikafikiri, nikashauriana na familia, na sasa nawasilisha ombi langu rasmi.

Naomba nisajiliwe kuwa mzigo.

Sitaki upendeleo. Nipimwe kwenye mizani kama kawaida. Nimenenepa kidogo tangu Idi na niko tayari kulipia kilo za ziada. Niandikiwe stakabadhi yenye jina la mtumaji, ambaye atakuwa shemeji yangu wa Temeke, na jina la mpokeaji, ambaye ni mama yangu mzazi. Mama hukagua sana vitu, kwa hiyo nishushwe kwa uangalifu. Kwenye kifua niandikwe kwa kalamu ya wino mzito: HIKI KINAVUNJIKA. Mgongoni naomba mchore ile picha ya bilauri, na mshale wa kuonyesha upande wa juu, maana kule kwenye msongamano yupo abiria aliyewahi kufika mlangoni kichwa kikiwa chini ya kwapa la mwenzake. Na zaidi ya yote naitaka alama ya mwavuli. Nimeiona kwenye maboksi ya vifaa vya umeme, maana yake mzigo usinyeshewe. Wakati wa masika mimi hunyeshewa getini nikiyatazama maboksi hayo yakipelekwa chini ya turubai.

Baada ya hapo nikabidhiwe kwa hamali. Msidhani nawadharau mahamali. Hamali atabishana na mwenye mzigo juu ya bei mpaka mishipa ya shingo imtoke, lakini bei ikishakatwa, mzigo ni amana. Hauachi juani akaenda kunywa kahawa. Anajua una mwenyewe, na mwenyewe atakuja kuuliza. Nataka na mimi niwe na mwenyewe. Mnaotuuzia tiketi mmekataa kazi hiyo. Nikikanyagwa mguu pale mlangoni ni bahati yangu mbaya, lakini tenga la nyanya likikanyagwa, kuna mtu atakayelipa.

Najua mtauliza kuhusu madaraja. Nimeyafikiria. Anayetaka nafuu asafiri kwa daraja la Viazi. Mwenye uwezo kidogo achukue daraja la Vioo, ambalo hubebwa na watu wawili. Na kwa waheshimiwa kama nyinyi, siku mtakapovuka kama watu wengine, liwepo daraja la Karafuu. Karafuu ya Pemba haina mchezo. Serikali inainunua yenyewe, inaihesabu, na ikipungua njiani vyombo vya dola havilali. Sijawahi kusikia mtu amelipazia sauti gunia la karafuu.

Wageni wasio wakaazi wapangiwe daraja lao wenyewe. Ingawa getini, nakiri, huwa tunasimama nao pamoja, wao wakiwa na miwani ya jua na tabasamu la kudhani huo ni utamaduni wetu. Inafika pahala mmoja anapiga picha.

Si utamaduni wetu.

Niruhusuni nitoke kwenye adabu kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejazwa watu kupita kiasi. Asubuhi yake, waliokuwa wakitafuta ndugu zao hawakuweza kuambiwa hata jambo dogo kabisa: watu wangapi walipanda. Hesabu ilibadilika siku hadi siku, ikabishaniwa kwa miezi. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit, chombo kilichokuwa zamani kikivusha watu katika jimbo la Washington kule Marekani, kikapinduka karibu na Chumbe, kikitokea Dar es Salaam. Njia hii hii. Mkondo huu huu ambao leo mnatuchelewesha kuuvuka bila kutuambia sababu.

Ndiyo maana sina ugomvi na anayeniuliza jina na kitambulisho. Aulize. Aandike kwa herufi kubwa. Na siku bahari ikichafuka mkaahirisha safari, nitarudi nyumbani nikiwashukuru. Lakini msije mkatuambia kwamba kutusukumasukuma ndio usalama. Watu walioshindiliwa mbele ya nusu ya mlango, hawajui boti inaondoka saa ngapi, kila mmoja anaogopa kuachwa, ndio hao hao watakaoingia chomboni wakikimbilia viti. Kama nyinyi mnaona huo ni utaratibu, basi mmesahau kwa haraka sana, na waliozikwa kwa pamoja baada ya ajali ya 2011 wana jamaa ambao bado wanasimama kwenye foleni zenu.

Samahani. Narudi kwenye barua.

Kwa kuwa nimeshawachosha, haya mengine nayataja harakaharaka. Punguzeni baridi ndani ya boti, samaki tumewaacha sokoni. Televisheni ionyeshe jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea mpaka mwisho, kabla hamjakimbilia filamu ya watu wanaopigana juu ya paa. Vyoo viwe na maji. Tumezungukwa nayo. Kijana wa redio ya mkononi apewe likizo, na akirudi afundishwe neno “tafadhali”, hata kwa majaribio. Anayefungua geti afungue mlango wa pili pia. Bawaba zake ni nzima, nimezikagua kwa macho nikiwa nimebanwa juu yake.

Jambo dogo la pembeni. Zile meli kubwa za watalii zikitia nanga Unguja, abiria wake hupokewa kwa ngoma. Wanatembea Mji Mkongwe, wananunua kofia na vifurushi vya viungo, jioni wanaondoka. Sina kinyongo nao, ni wageni, na mgeni ana haki yake. Ila wale hawatarudi wiki ijayo. Sisi tutarudi wiki ijayo, na ile nyengine, mpaka tuzeeke, tukabebe bahasha za eksirei. Siombi ngoma. Ningependa tu kuambiwa, kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili, kwamba boti itachelewa dakika arobaini kwa sababu fulani, na mzee yule apewe kiti. Lakini naona nimeanza kuomba mambo makubwa, ndiyo maana nimeona ni rahisi zaidi kwenu mkinifanya mzigo.

Mkikubali, hamna haja ya kunijibu kwa barua, kwa sababu barua ya mwisho niliyowaandikia niliambiwa “inashughulikiwa” na mtu ambaye hakuwa na habari nayo. Wekeni tu mizani karibu na mlango mpana. Nasafiri Ijumaa kwa boti ya asubuhi. Shemeji atanileta mwenyewe na atadai risiti. Turubai tumeshapata la kuazima, ila kamba tulizonazo ni fupi, hivyo kama mnazo za kuuza mtuambie bei mapema.

Wenu mtiifu, aliyerudi nyuma mpaka ukutani,

Abiria wa Daraja la Kawaida
(anayetaka kuhamia Viazi)