Nahodha na Tarishi

Kati ya mwaka 1931 na 1932, katika kiwanda cha vyombo vya simu cha Hawthorne, karibu na Chicago, mabingwa wa elimu waliwakusanya mafundi 14 katika chumba kimoja, wakamketisha mtazamaji pembeni, na baada ya miezi kadhaa ya kuandika wakavumbua jambo la ajabu: kwamba nyuma ya vyeo vilivyoandikwa mna usuhuba usioandikwa, kwamba mafundi wale walikuwa makundi mawili, na kwamba aliyethubutu kufanya kazi kupita kadiri waliyoridhiana wenzake alitandikwa ngumi mkononi ili arejewe na fahamu.

Taadhima zetu kwao. Ila laiti wangalimwuliza tarishi, wangalijipunguzia gharama. Mtu huyu, apitaye na majalada na birika la kahawa meza hadi meza, ajua pasipo kalamu wala daftari nani hula na nani, nani kamnunia nani, barua ipi itatiwa sahihi kabla ya adhuhuri kwa kuwa mwenyewe ni sahibu wa karani, na ipi italala hata iote ukungu kwa kuwa mwenyewe hakuhudhuria arusi ya binti wa mhasibu.

Mkurugenzi naye, maskini, ametundika ukutani mchoro wa vyeo, jina lake juu kabisa, akaridhika kwamba hiyo ndiyo ramani. Naam, ni ramani ya bahari isiyoonyesha miamba. Nahodha ni yeye, lakini rubani ni tarishi.