Turbo Haina Wakili

Gari la dizeli likichoka kwenye mlima wa Kitonga, likapitwa na lori lililobeba saruji, na chini ya boneti ukasikika mluzi ambao jana haukuwepo, kesi huwa imekwisha kabla gari halijaegeshwa. Abiria wa mbele anasema ni turbo. Abiria wa nyuma, ambaye hana hata leseni, naye anasema ni turbo. Fundi, angali upande wa pili wa barabara, anapaza sauti: "Hiyo ni turbo tu, bosi," na tayari anamjua mtu aliye nayo, mtumba wa Japani, safi kabisa. Hukumu hiyo ina kasoro moja: hakuna aliyemhoji mtuhumiwa. Hoja yangu ni kwamba turbo husingiziwa mara nyingi, na kwamba ule mlio unaotutia kiwewe ndio shahidi wa kusikilizwa kwanza, kabla pochi haijafunguliwa.

Turbo yenyewe haina mafumbo. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na shafti hiyohiyo huzungusha gurudumu la pili linalovuta hewa safi, kuishindilia na kuisukuma kuelekea kwenye silinda. Hewa ikiwa ya kutosha, dizeli inaungua vizuri na gari linavuta. Lakini safari ya hewa hiyo ni ndefu: inapita eya klina, inaingia kwenye turbo, inakwenda kupoozwa kwenye intakula, ndipo inafika kwenye injini, na njia nzima imeungwa kwa mipira na klipu. Mpira ukipasuka upande wa chini, pale palipojaa matope na oili, turbo inaendelea kuchapa kazi kama kawaida, ila jasho lake linaishia barabarani. Gari likiwa limesimama linanguruma bila kasoro; ukikanyaga mafuta mlimani, mara nyingi linafuka moshi mweusi kwa kuwa dizeli imezidi hewa, na mfoko wa hewa unaongezeka kadiri unavyokanyaga. Kipimo chake ni upepo wa kompresa na maji ya sabuni: panapotoa mapovu ndipo palipotoboka.

Turbo iliyokufa kweli ina sauti nyingine. Shafti yake huelea juu ya utando mwembamba wa oili, ikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili ikipungua au ikiwa chafu, beringi zinalika, mapanga yanaanza kukwaruza ukuta wa turbo, na hapo unasikia king'ora au chuma kikisaga chuma, mara nyingi pamoja na moshi wa bluu. Kuthibitisha hakuhitaji ramli. Injini ikishapoa, fundi anafungua mpira wa kuingizia hewa na kuishika shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo upande kwa upande, hiyo ni kawaida ya turbo nyingi. Ikienda mbele na nyuma waziwazi, au mapanga yakiwa yamemeguka, mtuhumiwa ana hatia.

Mafundi watanijibu kwamba wamebadilisha turbo nyingi na magari yakapona. Sikatai. Ila turbo haitoki bila kufungua mipira, wala hairudi bila kuikaza upya. Klipu mpya ya bei ya soda ikafanya kazi, turbo ikapewa sifa, na mwenye gari akapewa bili. Wenye mashine ya kusomea gari nao watanionyesha msimbo P0299. Msimbo huo unasema shinikizo la hewa ni dogo kuliko linalotakiwa. Hausemi kwa nini. Mpira uliopasuka, au kimpira cha vakyumu kilichochanika, vyaweza kuleta namba hiyohiyo.

Hoja nzito ni ya wale wanaosema kuchelewa ni hatari, na hao wana haki. Chuma kikianza kusaga na moshi wa bluu ukatanda, zima gari hapohapo: vipande vya mapanga vyaweza kumezwa na injini, na dizeli ikianza kunywa oili yake yaweza kugoma kuzimika hata ufunguo ukiwa mkononi mwako. Lakini kuzima gari ni jambo moja, kununua turbo ni jambo jingine. Hata ikithibitika imekufa, lazima ijulikane kilichoiua, maana turbo mpya ikifungwa kwenye paipu ya oili iliyoziba itaifuata ile ya zamani.

Kwa hiyo, msomaji, fundi akisema ni turbo, usibishane naye. Mwombe tu akuonyeshe shafti inavyocheza. Akikuonyesha, lipa. Akianza kukuna kichwa, nunua klipu kwanza.